Nilivyoweza kuwaona watoto wa konokono kwenye mawe ya Mwanza

Konokono wakubwa wa nchi kavu, jamii ya Achatina na ndugu zake, mtu yeyote huwaona mvua ikishanyesha. Watoto wao ndio kazi. Wengi huwatafuta kwenye majani na kuta, wakati siku zao za mwanzo wako chini ya udongo kabisa. Nilipoacha kutafuta konokono na kuanza kusoma unyevu wa udongo, ndipo nilipoanza kuwapata.

Kwa hapa kwetu faida kubwa ni mawe. Jiwe kubwa la matale halinywi maji. Mvua yote inayolipiga huteremka hadi shinani, na udongo wa pale hubaki na unyevu siku nyingi baada ya uwanja wa wazi kukauka. Ila upande una maana. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa vuli, Novemba na Desemba, jua la mchana hupita kusini kwetu. Msimu huo mimi hukagua upande wa kaskazini na mashariki wa jiwe, maana kivuli cha adhuhuri na alasiri kiko huko. Masika ikifika Aprili na Mei jua limeshahamia kaskazini, nami nahamia upande wa kusini. Upande wa magharibi siupi muda misimu yote miwili: jiwe hupokea jua kali la alasiri na udongo unaoligusa hupata joto hadi jioni.

Pale penyewe pawe na udongo laini wenye majani yaliyooza, si changarawe tupu. Ukiufinya mkononi ushikane bila kutoa maji. Ukimwagika kama mchanga, pamekauka mno; ukichuruzika, mayai yakiwekwa hapo yatakosa hewa na kuoza. Ndiyo sababu mstari ule hasa ambapo maji ya jiwe hudondokea huwa hauna kitu, na mayai huyakuta kando kidogo, palipoinuka.

Kila konokono ana viungo vya kike na vya kiume, hivyo yeyote aliyekomaa na kupandana anaweza kutaga, na mbegu alizopokea huweza kuzihifadhi kwa miezi mingi. Dalili ya utagaji ni konokono aliyezamisha kichwa na mwili ardhini huku gamba limebaki juu, hatembei hata ukimsogelea. Mwache. Ukimng'oa, huacha kazi katikati na mayai hubaki wazi juu ya udongo, na yai lililo wazi hapa kwetu halimalizi siku jua likiwaka. Mimi huchomeka kijiti hatua moja kutoka hapo, wala si juu ya kiota, kwa sababu tundu la kijiti hupeleka maji ndani na huwafungulia njia sisimizi. Naandika tarehe na kuondoka.

Mayai ya Lissachatina fulica, aliyechunguzwa kuliko wote wa kundi hili, ni meupe au ya rangi ya krimu, takriban milimita 5, ukubwa wa punje ya mtama. Mara nyingi huzidi 100 katika kiota kimoja. Yapo kwenye udongo wa juu, mara nyingi ndani ya sentimita 10 za kwanza. Kukagua, tumia kijiko cha chai, siyo jembe wala kisu. Ondoa udongo kutoka pembeni, kwa utaratibu, hadi uone mayai mawili matatu. Usiyatoe, rudisha udongo uleule na majani yaleyale juu yake. Kufukua kila siku kunakausha kiota, kwa hiyo mara moja baada ya kama wiki moja yatosha.

Kuanguliwa huchukua siku 8 hadi 21 hivi, kwa kutegemea joto. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu siku zimepita na juu hapaonekani kitu. Vitoto vikitoka havikimbilii juu. Hubaki chini siku 5 hadi 15, vinakula maganda ya mayai vilimotoka ili kupata chokaa ya kujengea gamba, na vilivyotangulia huweza kula hata mayai ya wenzao ambayo hayajaanguliwa. Gamba la kitoto ni jembamba mno: ukikibana kwa vidole umelivunja. Kikilazimika kusogezwa, kitambae chenyewe juu ya jani bichi.

Vikipanda juu, viangalie saa za usiku au alfajiri kukiwa na manyunyu, kwa tochi hafifu ya kumulika kando. Tafuta upande wa chini wa majani ya mpapai yaliyoanguka, mabua ya migomba yaliyooza, na palipo na ukijani juu ya mawe. Adui mkubwa ni siafu. Wakipita juu ya kiota, kwisha. Wapo pia viluwiluwi vya kimulimuli, ambavyo huingia ndani ya gamba na kumla konokono humohumo.

Udongo wa mawe yetu una chokaa kidogo. Konokono anayeparua ukuta uliopakwa chokaa au gamba la mwenzake aliyekufa anatafuta hiyo. Ukitaka kusaidia, osha maganda ya mayai ya kuku, yakaushe, yatwange, nyunyiza kiganja kimoja karibu na jiwe. Chokaa ya kujengea usiiweke: huunguza ngozi yao. Magamba ya ufukweni nayo yanafaa, ila okota makavu yaliyoko nchi kavu. Kuingia majini penye matete ni kujitafutia kichocho, kinachosambazwa na konokono wa majini.

Kuwatambua baadaye, mimi hutia doa dogo la rangi ya kucha kwenye gamba lililokauka, mbali na mdomo wa gamba kwa kuwa hapo ndipo linapoongezeka. Wasiofika sentimita 2 siwatii. Kwa doa hilo nimeona tofauti kubwa: watoto wa vuli huwa na masika mbele yao, hivyo huingia kiangazi cha Juni wakiwa na mwili wa kuhimili. Waliotoka mwishoni mwa Mei hukutwa na ukame wakiwa wadogo, na ni wachache ninaowaona tena mvua za Oktoba zikirudi.

Kiangazi wakubwa hujifungia ndani kwa kiwambo cheupe mdomoni mwa gamba. Usikitoboe kuangalia kama yu hai, wala usimlowanishe. Akiamka hutumia akiba yake na chakula hakipo. Na wakati wote vaa glavu au nawa kwa sabuni, kwa sababu konokono hawa huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia mtu husababisha uvimbe kwenye utando wa ubongo. Watoto wadogo wasiachiwe kuwashika kisha wakala bila kunawa.