Datsun 1600: kumbukumbu ya kulifufua gari la Safari

Januari

Gari lenyewe ni Datsun 1600 ya milango minne, umbo lile lile lililotoka Japani mwezi wa Agosti 1967 kwa jina la Bluebird na ambalo wapenzi wake kote duniani hulitaja kwa namba ya kiwanda, 510. Nimelinunua kutoka kwa familia moja ya Njoro iliyoliacha chini ya kibanda cha mabati tangu mzee wao alipoacha kuendesha. Matairi yamekufa, viti vimetafunwa na panya, na rangi iliyokuwa ya maziwa imegeuka kuwa ya vumbi, lakini kitabu cha gari kipo na namba ya chesisi inalingana na iliyoandikwa humo, jambo ambalo kwa gari la umri huu si dogo hata kidogo.

Hili si SSS, toleo la kabureta mbili ambalo ndilo lililokimbia kwenye Safari, mbio za magari za Afrika Mashariki. Ni la kawaida, la kabureta moja, la aina iliyonunuliwa na walimu, makarani na wenye maduka. Majirani wa hapa Nakuru wananiuliza kwa nini fedha hizo nisingeziweka kwenye Probox, ambayo ingeweza angalau kubeba viazi. Swali lao ni la haki, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hii ni jaribio la kulijibu: naamini kwamba sifa ya Datsun ilitengenezwa na barabara mbovu, nyingi zikiwa zetu, na kwamba mtu akilifungua gari hili kwa utaratibu anaweza kuiona kazi ya barabara hizo ndani ya vyuma.

Februari

Mwezi huu wote umekwenda kwenye bodi. Kutu imekula mahali inapokula magari yote ya aina hii: sakafu chini ya zulia la dereva, kizingiti cha mlango upande wa kushoto, na bati linaloshikilia betri, ambalo lililiwa na asidi hadi likawa kama kitambaa kilichochanika. Fundi wa bodi alitaka kuziba kwa fila na kuendelea, kama wanavyofanya wengi kwa magari ya kuuza. Tulikubaliana kwamba kila palipooza patakatwa hadi kufikia chuma kizima, bati jipya lichomelewe, na fila itumike tu kunyoosha uso, si kujaza shimo.

Kukata kutu ni kazi ya kuchosha isiyo na mengi ya kusimulia. Lililonishangaza ni wepesi wa bodi yenyewe mara viti, milango na vioo vilipotolewa: vijana wanne waliinyanyua upande mmoja bila kuhema. Gari zima, likiwa na injini yake, lina uzito unaozidi kilo 900 kwa kiasi kidogo tu, na wepesi huo ni sehemu kubwa ya raha ya kuliendesha.

Aprili

Mvua za masika zimesimamisha kazi ya nje, kwa kuwa praima, rangi ya msingi, haipulizwi kwenye unyevu, nami nimeutumia muda huo kusoma. Ni sadfa inayofaa, maana ni mvua hizi hizi zilizoifanya Datsun ijulikane.

Asili ya kampuni ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya Kaishinsha mjini Tokyo, na mwaka 1914 akatoa gari lililoitwa DAT, herufi za kwanza za majina ya wafadhili wake watatu, Den, Aoyama na Takeuchi. Jina la Datsun lilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa gari dogo zaidi, na mfanyabiashara Yoshisuke Aikawa akaichukua kazi hiyo ndani ya kampuni ambayo tangu 1934 inaitwa Nissan. Baada ya vita walijifunza upya: Desemba 1952 walitia saini mkataba na Austin ya Uingereza, wakawa wanaunganisha magari ya Austin huku wakichukua maarifa yake, na kabla ya muongo kwisha walikuwa wanatoa Bluebird yao wenyewe.

Kisha wakafanya jambo ambalo watengenezaji wengi wa magari madogo wangeliepuka. Mwaka 1958 walipeleka magari mawili ya Datsun 210, yenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 1,000, kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, mwendo wa takriban kilomita 16,000 kwa siku 19. Magari hayo yalibatizwa Fuji na Sakura, kiongozi wa msafara akiwa Yutaka Katayama, ambaye atarudi tena katika kumbukumbu hii. Yote mawili yalifika mwisho, na Fuji likashinda daraja lake. Mmoja wa madereva, Yasuharu Namba, baadaye ndiye aliyesimamia timu ya Nissan katika Safari.

Safari ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida zenye ng'ombe, malori na mabasi, wakati wa Pasaka ambapo udongo mweusi hugeuka kuwa gundi. Nissan waliingia mara ya kwanza mwaka 1963, na hawangeweza kuchagua mwaka mbaya zaidi: ni magari 7 tu yaliyomaliza, na la kwao halikuwemo. Timu nyingine ingetafuta mashindano mepesi zaidi. Wao walirudi mwaka baada ya mwaka, wakatazama kilichovunjika, wakakibadilisha, na mwaka 1966 Bluebird ikashinda daraja lake.

Mwaka 1970 ikawa zamu ya gari ninalolikarabati. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari wakiwa na 1600SSS, na nafasi ya pili ikaenda kwa Joginder Singh, Simba wa Kenya, naye akiwa kwenye Datsun. Mwaka uliofuata Herrmann na Schüller walishinda tena, safari hii kwa 240Z, gari la michezo la Datsun, na nyuma yao alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, katika gari la aina hiyo hiyo. Ushindi wa Mehta mwenyewe, wa 1973, unastahili kusimuliwa polepole. Familia yake ilikuwa imeng'olewa Uganda katika ile amri ya Idi Amin ya kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Pasaka iliyofuata aliendesha 240Z akiwa na Lofty Drews, na mwishoni alama zake za adhabu zikalingana kabisa na za Harry Källström wa Uswidi, ambaye pia aliendesha Datsun. Mshindi alipatikana kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu, naye alikuwa Mehta. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty na Datsun ya ukoo wa Violet.

Hesabu hiyo inaipa Datsun ushindi mara 7 ndani ya miaka 13. Sioni tangazo la biashara ambalo lingeweza kumshawishi mkulima wa Kitale au mwenye duka wa Tanga kama alivyoshawishika kwa kusimama kando ya barabara na kuliona gari la aina ya lake likipita kwenye tope ambalo yeye mwenyewe alilijua.

Mei

Injini imefunguliwa. Ni L16: bloku ya chuma cha kuyeyusha, silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, juu, silinda nne zenye kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 1,595. Anayezijua namba za 240Z ataona jambo hapa. Injini yake, L24, ina kipenyo kile kile na mwendo ule ule, ila silinda ni sita badala ya nne, na hesabu inatoa 2,393. Kwa hiyo gari la michezo lililoshinda Safari za 1971 na 1973 na sedani hii ya karani zina injini za tumbo moja, na fundi aliyejifunza kwenye moja hakuhitaji kufundishwa nyingine.

Fundi ninayefanya naye kazi ni mzee aliyeanza gereji miaka ya sabini. Kabla sijagusa boliti ya sproketi, gurudumu la meno la kamshafti, alinizuia kwa mkono.

"Mwanangu, kwanza kabari."

Alikwisha kuichonga mwenyewe kutoka kwa mpini wa jembe uliovunjika: kipande cha mbao ngumu, kirefu, chembamba chini na kinene juu, kilichofungwa kamba mwishoni kisije kikapotelea ndani. Alikishusha kati ya pande mbili za cheni ya taiming, inayozungusha kamshafti kwa kulingana na kranki (shafti kuu ya injini), na kukigonga taratibu kwa kitako cha nyundo. Sababu ni kwamba kikaza cheni kiko chini ndani ya kifuniko cha mbele na husukumwa na springi. Cheni ikilegea hata kidogo, kichwa cha kikaza huchomoka, na hapo hakuna njia ila kushusha puli, pampu ya maji na kifuniko chote cha mbele. Kwa kabari hiyo, silinda hedi hutoka bila kuigusa taiming. Boliti zake hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, na kwa kuwa zimekaa ndani ya mafuta miaka yote hiyo, zilitoka bila ugomvi.

"Sasa tazama hii sproketi, mzee," nilimwambia, nikidhani nimegundua kitu. Ina matundu matatu ya pini, yenye namba 1, 2 na 3. Alicheka, kwa maana ameyajua matundu hayo tangu ujana wake. Cheni hurefuka kadiri inavyochakaa, na ikirefuka vali hufunguka kwa kuchelewa. Waliobuni injini hii walilijua hilo, wakaweka matundu ili fundi aihamishe sproketi hadi namba inayofuata na kuirudisha taiming mahali pake pasipo kununua cheni mpya. Yetu ilikuwa bado kwenye namba 1. Silinda hedi ilikuwa imepinda kidogo, imepelekwa kusawazishwa uso, na tutakapoirudisha huenda tukahitaji namba 2, kwa kuwa kupunguza uso wake kunaishusha kamshafti karibu na kranki na kuilegeza cheni vile vile.

Nafasi za vali nazo hazihitaji kifaa cha ajabu: spana ya 17 kwa nati ya kufungia, spana ya 14 kwa egemeo la roka, mkono unaosukuma vali, na fila geji, mabapa membamba ya kupimia nafasi. Injini ikiwa ya moto, vali za kuingiza huwekwa milimita 0.25 na za kutoa 0.30. Kazi hiyo inafanyika kando ya barabara kabla chai haijapoa, na naamini imefanyika hivyo mara nyingi sana katika nchi hii.

Juni

Sehemu ya nyuma imeshushwa. Hapa ndipo 510 ilipowaacha wenzake wa bei yake. Magari madogo mengi ya wakati huo yalikuwa na mhimili mmoja mzito nyuma, uliokalia springi za majani, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni linalitikisa la pili. Sedani ya 510 ina difu, gia zinazogawia magurudumu nguvu, iliyofungwa kwenye bodi, shafti mbili zenye viungo, na kila gurudumu la nyuma likishikiliwa na mkono wake na springi yake ya kuzunguka. Mpango huo ulikuwa kwenye magari ya BMW, yaliyokuwa ghali zaidi.

Injini ya 1600 nayo ilipatikana kwa kupigania. Katayama, yule wa Australia, alikuwa amepelekwa Marekani kuuza magari, akawasumbua wakubwa wake huko Japani hadi wakakubali kwamba injini ndogo ya 1300 isingetosha kwenye barabara kuu za huko. Gari lilipofika liliuzwa chini kidogo ya dola 2,000, na timu ya Peter Brock, dereva wake akiwa John Morton, ikatwaa ubingwa wa Trans-Am, mashindano ya magari ya huko Marekani, wa magari ya chini ya lita 2.5 mwaka 1971 na 1972. Ubavu wa kibiashara ulitokana na Marekani, hilo silikatai. Lakini mpira na viungo vya mikono hii ya nyuma, vilivyofika mikononi mwangu vikiwa vimechakaa ila bila ufa hata mmoja kwenye chuma, havikujaribiwa na lami ya California.

Mpira mpya wa mikono umechongwa na fundi wa Nairobi kutoka kwa sampuli. Viungo vya shafti vimepatikana Barabara ya Kirinyaga, kwenye duka ambalo mwenyewe alilazimika kupanda ngazi kuvitafuta.

Julai

Suala la rangi limezua mjadala. Vijana wa gereji wanataka nyekundu yenye boneti nyeusi, kama ilivyokuwa 240Z ya Herrmann. Inapendeza, sibishi, lakini gari hili halikuwahi kukimbia Safari, na kulivalisha sare ya walioshinda ni kulidanganyia wasifu. Litarudishiwa rangi yake ya maziwa, pamoja na maandishi ya Datsun ya nyuma, ambayo yana thamani ya pekee kwa sababu Nissan walianza kuliondoa jina hilo mwaka 1981. Walilifufua katika muongo uliopita kwa magari ya bei nafuu ya India, Indonesia na Urusi, kisha wakaliacha tena mwaka 2022. Magari hayo hayana lolote la kufanana na hili isipokuwa herufi.

Silinda hedi imerudi na imefungwa. Sproketi imehamia tundu la 2 kama tulivyotarajia, na kabari imetolewa ikiwa nzima. Yaliyobaki ni mirija ya breki, ambayo yote inabadilishwa kwa kuwa ya zamani imeoza kwa ndani, mpira wa kioo cha mbele ulioagizwa Mombasa, na kusafisha kabureta. Baada ya hapo gari litakwenda kwa mpulizaji rangi, mradi mvua isikatize tena ratiba yake.