Uhusiano wa jumba la sayansi na serikali na majirani: ninavyouendesha Kisumu

Kazi yangu katika jumba dogo la makumbusho ya sayansi hapa Kisumu ni kushika uhusiano na kaunti, na serikali ya kitaifa, na wanaoishi kando ya ua wetu. Wengi hudhani ni kazi ya kujuana na wakubwa. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalenda na faili. Ombi zuri likienda ofisi isiyohusika, au likifika mwezi ambao fedha zimeshagawanywa, hupokewa vizuri kisha likalala kwenye trei.

Kwanza ni kujua mlango. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeyaweka makumbusho upande wa kaunti, pamoja na maktaba na fuo za burudani. Turathi za kale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali ya kitaifa, na shirika la Makumbusho ya Taifa linafanya kazi chini ya sheria ya 2006. Ndiyo maana Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, ni ya shirika hilo na si ya gavana. Elimu nayo imekatwa katikati: PP1 na PP2 ni za kaunti, gredi ya kwanza kwenda juu ni ya wizara. Shule yenye chekechea na msingi katika ua mmoja, ikitaka kuleta watoto wote siku moja, inahitaji barua mbili: moja kwa idara ya elimu ya kaunti, nyingine kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Chifu, Naibu Kamishna wa Kaunti na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Taka, mabango, leseni ya biashara na barabara ya mtaa ni za kaunti na jiji. Ukimwomba chifu akutolee taka atakuitikia kwa heshima, na taka zitabaki pale pale.

Barua ya kaunti inaandikwa kwa Afisa Mkuu wa idara, kwa sababu ndiye anayewajibika kisheria kwa matumizi ya fedha za idara hiyo. Waziri wa kaunti na mkurugenzi wanapata nakala. Ukimwandikia waziri peke yake, barua itateremshwa kwa Afisa Mkuu hata hivyo, na wiki mbili zitakuwa zimepotea. Ukurasa mmoja, ombi moja. Barua yenye maombi mawili hugawanywa kwa maafisa wawili, kila mmoja akisubiri mwenzake ajibu kwanza. Peleka nakala mbili mkononi, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Baada ya siku saba za kazi usiulize "mmefikia wapi?" Nenda masjala uulize barua imewekwa faili gani na faili iko meza ya nani. Barua isiyo na namba ya faili haipo, hata kama kila mtu anakumbuka kuiona.

Sasa fedha, ambako ndiko makumbusho mengi hukwama. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini mwaka wa mwombaji unaanza karibu miezi kumi kabla. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaoweka viwango vya juu vya kila idara, unafuata kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili, na yanapaswa kuwa yamepitishwa kabla ya 30 Juni. Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Jambo lisilo na hata mstari mmoja ndani ya CIDP ni gumu kuliingiza kwenye mpango wa mwaka, na lisilo kwenye mpango wa mwaka halina pa kushika Aprili.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ya maandishi huwa tayari Julai. Huwa na mambo matano tu: kitu chenyewe, mahali na wadi, gharama kwa shilingi ikiwa na makisio ya wauzaji yaliyoambatishwa, nani atakiendesha, na gharama ya kukitunza kila mwaka. Hilo la mwisho ndilo wanalolisahau wengi, na ndilo maafisa wa mipango hulitafuta kwanza, maana wamechoka na majengo yanayofunguliwa kwa utepe kisha yanakosa pesa za umeme. Februari tunapeleka waraka huo huo kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma, Mei tena mbele ya bunge. Namba zibaki zile zile. Bei ikibadilika kati ya Septemba na Mei bila maelezo, utaulizwa wewe ni mkweli lini.

Hata baada ya kupitishwa, usitie sahihi na fundi yeyote kwa kutegemea mstari wa bajeti. Pesa hutoka kwa awamu, kila utoaji ukiidhinishwa na Msimamizi wa Bajeti, na bajeti ya ziada katikati ya mwaka inaweza kukata kilichokwisha kupitishwa. Juni mfumo wa malipo hufungwa na ankara zilizobaki hugeuka madeni. Mimi napenda kuomba vitu ambavyo kaunti inaweza kufanya kwa watu na mitambo yake yenyewe: greda na murram ya mita mia mbili za barabara, taa mbili za mtaani langoni, kibao cha kuelekeza. Havipigi kelele, lakini vinakamilika.

Chombo chenye nguvu kuliko barua zote ni rejista ya wageni. Rejista yetu ina safu hizi: tarehe, shule au kikundi, wadi, kaunti ndogo, gredi, wavulana, wasichana, wenye ulemavu, waliolipa, waliosamehewa. Safu ya wadi ndiyo roho yake. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35, na mwakilishi wadi anayekaa kwenye kamati ana swali moja moyoni: wa kwangu wamefika wangapi? Kila robo ya mwaka wa fedha tunachapisha jedwali la ukurasa mmoja, wadi zote 35, hata zile zenye sifuri. Sifuri zina kazi yake. Mwakilishi wa wadi ya mbali kule Nyakach au Muhoroni akiona sifuri yake karibu na mamia ya Kondele, mwenyewe huuliza basi linawezaje kupatikana. Kumwomba moja kwa moja akupe basi hakuzai hivyo.

Data za watoto zinahitaji uangalifu. Tunahesabu vichwa, hatuandiki majina. Picha ya mtoto inayotambulika inataka idhini ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo fomu hutumwa shuleni pamoja na barua ya mwaliko, na asiye na fomu hupewa utepe wa rangi begani ili mpiga picha amruke. Fomu zetu zina mstari mmoja wa ziada kwa Kiswahili na Dholuo: hakuna damu wala sampuli yoyote itakayochukuliwa. Eneo hili limezoea utafiti wa afya, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wakiwa Kisian hapo karibu, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019. Mzazi anayeona darubini na picha za mbu kwenye mwaliko ana haki ya kuuliza. Mstari ule unajibu kabla ya uvumi kujibu.

Kwa majirani, siku huamua zaidi ya ujumbe. Ijumaa na Jumamosi ni za mazishi. Ukiita mkutano siku hizo utapata viti vitupu. Jumamosi pia ni Sabato ya Waadventista, ambao huku ni wengi. Jumanne hadi Alhamisi, saa nne asubuhi, ndiyo nafasi. Isipokuwa ufukweni: wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri giza likiwa totoro. Kwa hiyo kikao cha Dunga hupangwa karibu na mwezi mpevu, wanapopumzika, na mwaliko hupitia kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU. Mada ya kwanza huko isiwe ya nyota. Iwe gugu maji: vipande viwili vya shina chini ya darubini, mifuko ya hewa inayolifanya lielee ikionekana wazi, na watu hawaondoki.

Meza moja ya maonyesho ya nje inatosha watu 15 kwa dakika 20. Zaidi ya hapo walio nyuma huanza kuzungumza yao. Mahema, viti na chakula tunakodi kwa vikundi vya wanawake na vijana vya mtaa huo huo, bei ikiwa imeandikwa kabla. Nauli ya wajumbe hulipwa kwa M-Pesa kwa kila mtu, kiwango kimoja kilichotangazwa mwanzoni, kamwe si kwa mkono wa kiongozi mmoja agawe.

Polisi wanataka taarifa ya mkutano wa hadhara kati ya siku 3 na 14 kabla, kwa mkuu wa kituo. Sheria ya Utulivu wa Umma inayaacha nje baadhi ya makusanyiko ya kitamaduni na burudani, lakini tunapeleka taarifa kila mara. Ni rahisi kuliko kueleza tafsiri ya sheria kwa sajini aliyesimama langoni.

Siku ya wageni rasmi, ugomvi hutokea kwenye kipaza sauti. Desturi ni mkubwa kusema mwisho, na ngazi mbili za serikali hazikubaliani sikuzote nani mkubwa. Ratiba iliyoandikwa, yenye dakika tatu kwa kila mmoja, iende ofisi zote mbili siku tano kabla, zikorofishane huko. Alika cheo, usialike jina. Hilo linaokoa mengi mwaka wa uchaguzi kama 2027. Na hotuba zije baada ya watoto kuzunguka meza. Ukizitanguliza, watoto watasimama juani kwa saa mbili na watakumbuka jua tu.

Mwisho, mifupa. Tangu Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, kisiwani Rusinga 1948, watu wa ziwani wanajua kwamba mawe yenye umbo yana maana, na zana za mawe za Nyayanga, Homa Bay, zilizotangazwa 2023 na kukadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zimezidisha hamu. Mtu akileta kitu langoni hatununui, hata kwa nauli. Bei ikijulikana, kesho watu watachimba, na kitu kilichong'olewa kutoka tabaka lake kimepoteza kile kinachotupa umri wake. Tunaandika mahali kilipookotwa, tunapiga picha kikiwa na rula pembeni, tunamwomba aliyekileta atuonyeshe eneo bila kuchimba, kisha tunawajulisha Makumbusho ya Taifa, maana kuchimba bila leseni ni kosa. Aliyekileta hupewa barua ya shukrani yenye mhuri, nakala kwa chifu wake, ili asije akaulizwa kijijini alikipeleka wapi.