Harufu ya kokoto

Jana saa kumi jioni lori lilimwaga kokoto mbele ya geti, na kabla vumbi halijatulia nilishaisikia ile harufu. Aliyewahi kuponda mawe anaijua. Ni kama njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Fundi alikuwa ananieleza mambo ya nondo na msingi wa ukuta, nami sikusikia hata neno. Nilikuwa Chamwino, Dodoma, mwaka 2006, nimechuchumaa kwenye mteremko na Dada, kila mmoja na nyundo yake.

Dada ni yule wa kwa baba mkubwa. Alikuwa na miaka 15, mimi 12.

Mvua ilikuwa imekataa. Uwele ulikauka ukiwa unagusa magoti tu, na nyumbani tulikula mara moja kwa siku, ugali mwepesi na mlenda. Basi watoto tukapanda kilimani. Wanaume walichoma matairi juu ya mwamba mpaka upasuke, sisi tukaponda vipande. Unalizungushia jiwe kipete cha mpira wa baiskeli ili lisiruke, unapiga, unageuza, unapiga tena, mpaka debe lijae. Kipete kikikatika, jiwe linaruka. Langu lilinipata jicho la kulia, na mpaka leo nikisoma usiku jicho hilo linachuruzika machozi. Dada alikuwa ameanza kazi hiyo akiwa na miaka 11. Alikohoa kikohozi kikavu ambacho watu wazima walikiita mafua. Hakuna aliyetuambia kwamba vumbi la jiwe likishaingia kwenye mapafu linakaa humo humo.

Halafu wakaja ng'ombe sita na mbuzi. Hakuna aliyejificha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, na baba mkubwa aliridhia. Nashindwa kumlaumu peke yake, kwa sababu maziwa ya wale ng'ombe tuliyanywa sote, na mimi nikiwemo.

Mwaka uliofuata Dada alishikwa na uchungu siku tatu. Siku ya tatu ndipo mkokoteni ulipopatikana. Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa, na mama yake akarudi kwetu kabla ya miezi miwili kuisha, mguu wa kushoto ukiburuta, kanga zake zimelowa. Watu wakasema amerogwa. Mume akadai ng'ombe wake.

Kinachonirudia kila nikisikia ile harufu ni siku moja korongoni.

Ilikuwa kiangazi, upepo wa Ugogo unavuma mpaka meno yanasaga mchanga. Kwetu mto ukikauka tunachimba kisima kwenye mchanga wake, na wanawake huenda asubuhi na jioni. Dada alikuwa anakwenda saa saba mchana, jua likiwa utosini, ili asikutane na mtu. Siku hiyo nilimfuata. Nilimkuta amechimba shimo linalofika kiwikoni, anachota kwa kibuyu maji yanayojikusanya taratibu, anafua matambara ya kanga moja baada ya jingine, kisha anayatandaza juu ya miiba ya mgunga. Alikuwa ameyapanga kwa ukubwa, kama nepi za mtoto.

Alipoinuka ili anipishe kivulini, niliona alipokuwa ameketi. Mchanga ulikuwa na doa jeusi, mviringo, la ukubwa wa sinia. Akapiga goti, akalifukia kwa kiganja, akasawazisha juu yake vizuri mpaka pakawa kama hapajakaliwa na mtu. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumbani hakai mkekani. Mchanga ulikuwa unamfichia.

Kanga yake ilifunuka kidogo kwa upepo. Mapaja kwa ndani yalikuwa yamechubuka, yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto.

Nikamkingia maji kwenye kibuyu. "Kunywa, Dada. Midomo yako imepasuka."

"Nikinywa yatatoka tu," alisema. Alilowesha ulimi, akaweka kibuyu chini.

Tukakaa. Nzi walikuwa wengi. Yeye hakuwafukuza, nami nikaona aibu kuwafukuza kwa niaba yake. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mdogo wangu, niambie kweli. Unasikia harufu?"

Nilikuwa naisikia tangu nilipokuwa juu ya ukingo.

"Sisikii," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaendelea kufua.

Mengine yalikwenda haraka, ingawa kwake ilikuwa miaka minne. Mwaka 2011 mama mmoja wa kanisani alisikia redioni kwamba ugonjwa huo una jina na unatibika. Nauli ikatumwa kwa simu, nikamsindikiza mpaka hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Muuguzi alituchorea kwenye karatasi. Kichwa cha mtoto kikikwama, kinakandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Ndiyo fistula. Mguu ule uliburuta kwa sababu mishipa ya fahamu nayo ilikandamizwa. Akaeleza kwamba nyonga za binti wa umri ule zinakuwa bado zinakua, na aliyekulia kwenye njaa huwa na njia nyembamba zaidi. Na akamwambia Dada anywe maji, maji mengi, kwani mkojo wa mtu asiyekunywa ndio mkali, ndio unaochubua na kunuka.

Hapo nilitoka nje. Miaka minne alikuwa anajikausha, na mimi nilikuwa nimekaa naye kando ya kisima.

Alifanyiwa upasuaji, akakaa na mpira wa mkojo wiki mbili. Ulipotolewa, alilala usiku mzima juu ya godoro, na alfajiri akaniamsha nishike shuka. Ilikuwa kavu. Baadaye aliolewa na mtu mzima mwenzake, akajifungua kwa upasuaji, binti.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya ile Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, nilimpigia simu. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha, ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Nikampigia tena. Mara zote mbili alinyamaza kwa muda mrefu. Ile ya pili akasema, "Binti yangu yuko shule sasa hivi," na hatukuongea zaidi.

Lile "sisikii" langu sijui niliweke wapi. Pengine siku ile alihitaji mtu mmoja anayeweza kukaa karibu naye. Au pengine ningesema kweli, tungelia pamoja, ningekimbia kumwambia mama, mama angeuliza huku na huku, na miaka minne ingekuwa miwili. Nilifundishwa kwamba heshima ni kutosema mambo ya mwili wa mkubwa wako. Mama naye alifundishwa hivyo hivyo, na mkunga pia. Nyumba nzima ilikuwa inasikia harufu, nyumba nzima ikasema haisikii.

Jana usiku nilimpigia nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya korongoni. Hakuikumbuka. Anakumbuka tu kwamba maji ya kisima kile yalikuwa hayana chumvi.

Nikamwambia kuhusu lori.

"Umeziangalia?" akauliza.

"Niangalie nini?"

"Kokoto. Za mashine zinalingana. Za mkono hazilingani."

Nikatoka na tochi ya simu. Nilikaa pale kwenye lundo, nikaziokota moja moja. Nyingine zilikuwa kama yai la njiwa, nyingine nusu ya ngumi, na kati yake nikaokota kipande cha mpira mweusi, kimekatika.

Fundi anakuja kesho saa moja. Lori nimeshalilipa.