Kufuata maji kwa baiskeli, chini ya Moshi

Nimerudi jioni hii nina vumbi mpaka kwenye kope. Kabla sijalala nataka kuandika kuhusu njia za huku chini, maana kila anayeniuliza pa kuendeshea baiskeli Moshi anategemea nitamtajia Marangu au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Sina ugomvi na huko juu. Kuna kivuli cha migomba, kuna baridi safi, na ukigeuza kurudi mjini unateremka bila kukanyaga pedali. Ila moyo wangu uko tambarare: Mabogini, Chekereni, Kahe, Arusha Chini, kisha kuelekea magharibi mpaka Rundugai. Barabara za vumbi na changarawe, reli, mifereji, mashamba ya mpunga na miwa. Watu wanapita huku haraka wakienda kwingine.

Niliianza kuipenda tambarare hii sawasawa baada ya kukaa Tanga kikazi. Kule siku za mapumziko nilikuwa naendesha kuelekea Amboni, kwenye mapango, Mto Mkulumuzi ukiwa jirani. Ile ni nchi ya mawe ya chokaa, yaliyojengeka baharini enzi za Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mvua inaponyesha, maji yanachukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, yanakuwa na ukali kidogo, yanaingia kwenye nyufa za chokaa na kuila taratibu. Ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa pango. Kwa hiyo unaweza kuendesha juu ya ardhi kavu, koo limekukauka, na kumbe maji yako chini yako.

Niliporudi nyumbani nikawa naiangalia Moshi kwa macho hayo. Mlima wetu ni wa volkano, hauna chokaa ya Amboni, na mawe yake hayaliwi na maji namna ile. Lakini yamejaa nyufa na matundu tangu yalipopoa, na mvua inazama humo. Mvua nyingi zaidi upande wa kusini inanyesha ndani ya msitu, kwenye mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji yanazama, yanasafiri gizani, na mengine yanatokea tena huku chini kwenye chemchemi za Njoro, Miwaleni na Chemka. Barafu ya Kibo, kilele cha mlima, inachangia kidogo sana. Nalisema hili kila nikipata nafasi, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji. Inatoka msituni. Anayekata mti kule juu anamgusa mkulima wa Mabogini ambaye hajawahi kumwona.

Leo nimepitia Msitu wa Rau. Unatoka mjini, kelele za bodaboda zinakatika, na ghafla uko chini ya mivule mikubwa ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndiyo wanaizunguka. Kuna pia msoo, mti ambao makazi yake ni msitu huu na maeneo mengine machache. Msitu wenyewe unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, ndiyo maana unakaa kijani wakati mashamba ya jirani yamekauka. Njia humo ni nyembamba, udongo umeshikana, majani makavu yanalia chini ya matairi. Nilienda taratibu kuliko kawaida yangu. Mbega wawili walinitazama kutoka juu mpaka nikapotea.

Ukitoka msituni unaingia kwenye mifereji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ukipangwa kuhudumia hekta zipatazo 2,300. Mpunga ulikubali vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia: wakulima wa juu ya mradi waliona mavuno, nao wakafungua maji wakalima mpunga, na walio mkiani wakabaki wanasubiri. Sioni wa kulaumiwa. Mtu akiona jirani yake anavuna, naye ana mto mbele ya mlango, atafanyaje? Lakini ukiendesha kutoka mwanzo wa mfereji hadi mwisho wake, unaiona hesabu hiyo kwa macho. Mwanzoni maji yamejaa hadi ukingoni, watoto wanaoga. Kilomita chache mbele ni kitope, na zaidi ya hapo ni saruji kavu yenye mijusi.

Nilimkuta mama mmoja ameketi kando ya mfereji, jembe magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi na jua hili?"

Nikamwambia mjini. Akaniuliza kama sina shughuli nyingine, nikacheka, akacheka. Alikuwa anasubiri zamu yake ya maji. Alisema wiki iliyopita zamu ilimwangukia usiku wa manane, akaja na mjukuu wake na tochi ya simu. Wakati tunaongea maji yakafika. Sijawahi kusimama na kuangalia kitu hiki kwa makini hivyo: kwanza yalikuja makapi na povu, yakasukuma mabua makavu mbele yake, kisha ukingo mweusi ukatambaa juu ya udongo uliopasuka, na nyufa zikaanza kutoa mapovu madogo madogo. Mama aliinuka bila kuaga, akakanyaga matope, akavuta gunia la udongo lililoziba mlango wa shamba lake. Nikamsaidia gunia la pili. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, naye analivuta kila zamu.

Kuhusu baiskeli yenyewe, maana najua kuna watakaouliza. Natumia matairi ya milimita 40, na upepo sijazi sana, kwa sababu tairi gumu kwenye changarawe linarukaruka na mikono inachoka kabla ya miguu. Adui wa huku ni miiba. Migunga inaangusha ya kwake njiani, na mbigiri wanajificha kwenye vumbi. Fundi wangu pale Majengo ana dawa aliyoirithi kwa mafundi wa baiskeli za mizigo: anakata na kuondoa kingo za tairi kuukuu, kinachobaki anakilaza kama mkanda ndani ya tairi jipya, juu ya tyubu. Uzito unaongezeka, ndiyo, lakini pancha zimepungua sana. Wanaobeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare kwenda vihambani, mashamba ya nyumbani kule mlimani, wanafanya hivyohivyo, na wale wanaendesha na mzigo unaozidi baiskeli kwa upana. Ukitaka ushauri wa njia za huku, waulize hao kwanza.

Udongo nao una tabia zake. Kuna sehemu ni moramu ngumu unayoteleza nayo vizuri. Kuna sehemu ni mbuga, udongo mweusi ambao ukilowa unashika gurudumu mpaka halizunguki, na hapo hakuna ufundi, unabeba baiskeli begani. Masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za Kahe naziacha zipumzike. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yangu.

Kule Marekani, kwenye vilima vya Flint Hills jimboni Kansas, ambako chini ni chokaa iliyochanganyika na mawe ya gumegume, yanafanyika mashindano makubwa ya baiskeli kwenye changarawe, yaitwayo Unbound, tangu mwaka 2006, na njia yao kuu ni ya kilomita 320 hivi. Gumegume lile linakata matairi, na wapanda baiskeli wanalizungumzia jinsi sisi tunavyozungumzia miiba. Huku kwetu Afrika Mashariki aliyenifanya niamini kwamba barabara zetu za vumbi zinastahili heshima hiyo ni mwendesha baiskeli Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano kule Vermont. Sikuwahi kukutana naye, lakini siku ile nililia. Alikuwa anataka vijana wa huku washindane na dunia wakianzia kwenye njia za nyumbani, na mashindano ya Migration Gravel Race yalikuwa yameshaanza kuipeleka dunia Maasai Mara. Kila nikipitwa na kijana wa Chekereni anayekanyaga baiskeli nzito ya Phoenix na madumu mawili nyuma, namkumbuka.

Jambo moja kwa watakaofika upande wa Arusha, chini ya Mlima Meru, kwenye mito kama ya Maji ya Chai: bebeni maji yenu. Maji mengi ya kule yana floraidi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, inaharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Mpita njia hatadhurika kwa kikombe kimoja, lakini wenyeji wanayanywa kila siku, wakiwemo watoto ambao meno yao bado yanaota, na kupata maji mengine ni gharama kwao. Hilo linaniuma.

Chemka sikufika leo. Ni pazuri kweli, maji vuguvugu, safi hadi unahesabu mawe chini, na mizizi ya mikuyu imeshikilia kingo. Siku hizi naenda asubuhi ya katikati ya wiki, kabla muziki haujawashwa.

Sasa nataka kwenda mbele zaidi. Maji yote haya, ya Mto Kikuletwa yanayokusanya mito ya Meru na ya Kilimanjaro, na ya Ruvu yanayopita upande wa Kahe, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 na lenye mtambo wa umeme wa megawati 8. Kutoka hapo unaitwa Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi, kusini mwa Tanga. Binamu yangu amekubali tuende hadi bwawani, tulale kwa wavuvi kama watatupokea. Imebaki kubadilisha rimu ya nyuma, ambayo imeanza kupinda, na kuwauliza watu wa Arusha Chini ni wapi Kikuletwa panavukika salama bila kukutana na mamba.