Mwezi si mwenzake baba

Mwaka 2018 nilikuwa nakaa kwa bibi yangu Sahare, hapa hapa Tanga mjini upande wa baharini, na kila jioni baada ya alasiri watoto wa mtaa walikuwa wanakuja barazani kwetu na madaftari, wengine wana kazi za shule kweli, wengine wamefuata kashata za bibi tu, mi wote nawapokea. Mwezi wa saba mwaka ule habari mtaani ilikuwa moja, kwamba Ijumaa tarehe 27 usiku mwezi utapatwa, na utapatwa wote mpaka ubaki mwekundu. Clip zikawa zinazunguka kwenye WhatsApp, zingine zinasema kweli, zingine zinatisha watu kwamba dunia ndo inafika mwisho, na watoto wanasikia kila kitu kwa wakubwa afu wanakuja kuniuliza mimi. Basi nikaona kabla sijawaeleza chochote waandike kwanza wao. Kila mtu shairi moja fupi la jua au la mwezi, beti mbili zinatosha, na Ijumaa usiku tutayasoma hapo hapo barazani tukiwa tunasubiri.

Siku ya kwanza yaliyokuja yote yalifanana. Mwezi ni taa ya usiku, jua linatupa joto, asante jua, asante mwezi. Watoto wadogo wanapenda na kuchora, kwa hiyo juu ya shairi kila mmoja kaweka na picha, na kila picha jua linachomoza katikati ya milima miwili. Hilo lilinigusa sana, maana mtoto wa Sahare tangu azaliwe hajawahi kuliona jua likitoka mlimani hata siku moja. Jua la Tanga linatoka baharini, ukiamka alfajiri unaliona linavyopanda juu ya maji, na milima iko nyuma yetu kule, Usambara, ambako ndo linakwenda kuzama. Lakini kitabuni limechorwa kati ya milima miwili, basi na mtoto anachora hivo hivo, macho yake mwenyewe anayaweka pembeni. Nikawaambia wanangu, haya ni mazuri, sasa niandikieni jua mnaloliona nyie na mwezi mnaoujua nyie, kwenu nyumbani unafanya nini.

Hapo ndo yakaanza kuja mashairi. Kuna mmoja aliandika jua la saa saba mchana akitoka madrasa ndala imekatika na mchanga unaunguza, akawa anakimbia kutoka kivuli cha mwembe mpaka kivuli cha ukuta wa jirani, na kila beti anataja kivuli kimoja, yaani ukisoma unajua njia yake yote mpaka kwao. Mwingine, mdogo kuliko wote, aliandika mwezi mwandamo, Idi ilikuwa imepita mwezi ule wa nyuma tu, akaandika mistari miwili basi:

Mwezi mwembamba ukucha,
Kesho Idi kukikucha.

Akasema ameshamaliza. Na kweli alikuwa amemaliza, hapo uongeze nini?

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa darasa la nne, baba yake mvuvi wa dagaa na mama yake ni katika wale wanaochemsha na kuanika. Kwa asiyeujua ufukwe wa kwetu nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Chombo kinatoka wakati wa magharibi, kinatia nanga, wanawasha karabai, siku hizi wengine wana taa za betri au jenereta, afu wanakaa wanasubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga ndo wavu ushuke. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa, bahari nzima ina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo siku za mbalamwezi vyombo vya dagaa vinapumzika, wavuvi wanashona nyavu, wanakunywa kahawa, na nyumbani mambo yanakuwa mazito kidogo. Asubuhi za giza ndo utawaona wakina mama na masufuria makubwa ya maji ya chumvi, dagaa wanachemshwa, wanaanikwa, na hapo sasa linatakiwa jua kali, likikosekana siku mbili dagaa wanaharibika na hela imepotea. Huyo binti akaniletea hili:

Jua kwa mama latoka,
Dagaa wakakauka,
Wanunuzi wakafika,
Jua ni mwenzake mama.

Mwezi ukiwa angani,
Karabai ina kazi gani,
Baba alala nyumbani,
Mwezi si mwenzake baba.

Nilisoma nikanyamaza. Umri wote nimesoma mashairi ya mwezi, mwezi sura ya mpenzi, mwezi pambo la mbingu, na sijawahi kukutana na mtu aliyesema wazi kwamba mwezi ukiwaka kwetu mboga inapungua. Na mtoto hakuwa analalamika, alikuwa anatoa taarifa tu ya nyumbani kwao, mwenzake huyu ni nani na mwenzake yule ni nani.

Ijumaa ikafika. Mbingu ilikuwa safi, upepo wa kusi umetulia kidogo, bibi katandika mikeka miwili uani na mwingine barazani, na mtaa mzima kama hivi uko nje. Tulimwalika pia mzee mmoja jirani yetu ambaye ni mtunzi wa siku nyingi, zamani alikuwa anatuma mashairi yake redioni, mtu anayeheshimika sana upande ule kwa sababu hasemi jambo la ushairi ovyo. Watoto wakampa shikamoo moja baada ya mwingine, marahaba wanangu, marahaba, akakaa kwenye kiti chake na mkongojo kati ya magoti. Mwezi ulikuwa umeshatoka baharini tangu magharibi, mzima, na pembeni yake kuna nyota nyekundu inawaka sana, nikawaambia ile sio nyota, ni sayari ya Mirihi, mwaka huu imekuja karibu na sisi.

Wakaanza kusoma. Mzee anasikiliza, anatikisa kichwa, kwa yule wa vivuli akacheka sana akaomba arudie. Zamu ya binti wa mvuvi ilipofika alisimama, akasoma haraka haraka bila kuinua macho, afu akakaa. Nikamwangalia mzee. Akawa kimya kidogo, afu akasema, "Mjukuu wangu, sisi tuliofundishwa na wazee wetu, mwezi tunausifu. Mwanamke mzuri tunasema ni mwezi wa siku kumi na nne. Wewe umeutukana?"

Yule binti akasema, "Sijautukana babu. Mzuri, ila sio mwenzetu."

Baba yake alikuwa amekaa nyuma na wavuvi wenzake, wakaangua kicheko wote, mmoja akasema wallahi huyu kasema. Mzee naye akatabasamu lakini hakuliacha hivi hivi. Akamwita, njoo karibu, kaa hapa, nisomee mshororo mmoja mmoja tuhesabu mizani, yaani silabi zake. Akafungua mikono yake miwili. Mwe-zi-u-ki-wa-a-nga-ni, kidole kwa kidole, vinane, sawa. Kisha ka-ra-ba-i-i-na-ka-zi-ga-ni, na vidole vya mikono yote miwili vikaisha. "Kumi," akasema mzee. "Wenzake wana mizani minane, huyu ana kumi. Jahazi limeelemea upande mmoja. Maana yako ni nzuri, mimi siigusi, tafuta njia mwenyewe."

Hiki kitendo nakipenda mpaka leo na ningependa kila anayefundisha watoto akione. Mzee angeweza kumpa mshororo, anayo maelfu kichwani. Angeweza pia kumwambia mwezi hausemwi hivi, na mtoto wa miaka kumi angefuta. Hakufanya yote mawili. Alimwonyesha tu palipozidi, akamrudishia shairi lake.

Wakati binti anahangaika na vidole vyake, saa 3 na dakika 24 ikafika, na kweli upande wa chini wa mwezi ukaanza kuliwa. Watoto wakapiga kelele. Bibi akasema enzi zao waliambiwa ni nyoka ameumeza mwezi, basi watoto wanatoka na makopo na vifuniko vya sufuria wanapiga mpaka nyoka autapike, na hakumaliza hata kusema, watoto wakaingia jikoni kwake. Makelele yale! Nikawaacha wapige, afu walipochoka nikawaeleza kilichopo, kwamba mwezi hauna nuru yake, unaangaziwa na jua, na sasa hivi sisi, hii dunia tuliyoikalia, tumesimama katikati, kivuli chetu ndo kile kinachoingia juu yake. Wakawa wanapunga mikono kuona kama vivuli vyake vitaonekana kule. Msikitini wakaita watu kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi, wakubwa wengi wakaenda, mzee naye akasaidiwa kunyanyuka akaenda, akarudi.

Saa 4 na nusu mwezi wote ukaingia kivulini na ukawa mwekundu. Sio mweusi, mwekundu, kwa sababu mwanga wa jua unapita kwenye hewa ya pembeni pembeni mwa dunia, unapinda, na kinachobaki kuufikia mwezi ni wekundu ule ule wa magharibi. Na giza likashuka kweli, nyota ambazo hazikuwepo zikajaa, ukitazama baharini huoni kitu. Kupatwa kule kulikuwa ndo kurefu kuliko kote kwa karne hii, dakika 103 mwezi mzima uko gizani, kwa sababu ulipita karibu na katikati ya kivuli na isitoshe siku ile ulikuwa mbali na dunia, unapokuwa mbali mwendo wake ni wa pole.

Binti akamfuata baba yake mbio. "Baba, giza! Giza limekuja! Nendeni!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Baba yake akampakata akamwelekeza mkono ufukweni, "Mwanangu, leo bamvua, maji yamekupwa, chombo kiko mchangani pale hata kukisukuma hakisukumiki. Na hata kingekuwa majini, mpaka tufike, tutie nanga, tuwashe taa, dagaa waje, mwezi umesharudi."

"Unarudi baada ya muda gani?"

"Mwalimu kasema giza lote ni muda wa saa moja na dakika arobaini na tatu tu."

Akarudi kwenye mkeka, akachukua daftari na tochi ya simu yangu, akainama pale muda mrefu, hata mwezi wenyewe hautazami tena, wenzake wanamwita haendi. Nilipochungulia alikuwa ameshapata mshororo wake uliozidi, kafuta karabai, kaandika taa yetu kazi gani. Ta-a-ye-tu-ka-zi-ga-ni. Minane. Na chini yake kulikuwa na ubeti mpya ambao hakuna aliyemwomba:

Mwezi leo umepatwa,
Giza nalo limeletwa,
Baba nyavu zingevutwa,
Saa hazitoshi baba.

Akaenda kumsomea mzee mwenyewe, safari hii polepole, anamtazama usoni. Mzee akahesabu tena kwa vidole, mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akasema "sikosoi", afu akamgeukia baba mtu akamwambia huyu usimwachishe daftari, mwanangu, hata siku za mbalamwezi. Baba akasema inshallah mzee.

Ilikuwa inakaribia saa 6 na robo, watoto wadogo wameshalala kwenye mikeka, na ukingo mmoja wa mwezi umeanza kuwaka upya. Wingu dogo likatoka upande wa bahari likaufunika. Mzee akalinyooshea mkongojo. "Na hili je, mjukuu wangu? Hili mwenzake nani?"

"La baba," akajibu papo hapo. "Linaficha mwezi, taa inafanya kazi."

"Likikaa mpaka kesho mchana?"

Akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Maana likikaa mpaka mchana dagaa wa mama watakauka na nini? Akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, wote wanamsubiri yeye, na mzee anagonga gonga mkongojo chini anasema "hapo sasa, hapo sasa, kaandike hapo," na binti akawa ameshaanza, kidole kimoja kimoja, wi-ngu-u-si-ku-la-ba-ba, babu hiyo si minane?