Eti Sungura Huwa Analia?

Jana usiku nimeshazima taa, mlango wa chumba chao nimeurudisha nusu, sauti ya mdogo ikanifuata gizani: "Mama, eti sungura huwa analia?"

Nikamwambia lala mwanangu, tutaongea kesho. Akalala kweli. Niliyebaki macho ni mimi, mpaka adhana ya alfajiri, nasikiliza feni.

Ni yule kijana wa baiskeli. Wiki ya pili sasa anapita hapa kwetu Kimara na tenga la sungura kwenye karia, weupe na wa madoa, na watoto wakisikia kengele yake hawashikiki. Baba yao ameshakubali, hata hesabu ya mbao na wavu wa banda ameshapiga. Anayesita ni mimi. Nikiulizwa sababu nasema joto. Nasema sungura hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa masikio yale marefu, na joto likivuka nyuzi 30 anateseka. Dar hii ya Februari tutamtesa bure. Yote ni kweli. Lakini siyo sababu yangu.

Sungura hulia. Nimemsikia mara moja tu, Juni 1996, Mbeya, kwenye kibaraza cha ile nyumba ya Soweto.

Mwaka ule tulimwomba Baba mnyama wa kufuga hadi akachoka. Mbwa, mwenye nyumba alikataa. Paka, Mama alikataa, maana paka aliyetangulia alikuwa akilala kwenye pipa la unga. Njiwa, Bibi alituonya kwamba siku wakihama, majirani watasema nyumba ile ina ugomvi. Tukabaki na wawili wa kuchagua: simbilisi, wale wadogo wanono wasio na mkia, au sungura.

Simbilisi tuliwadharau. Kwa Bibi, Njombe, walikuwa wakikimbizana jikoni chini ya kichanja cha kuni, wakila maganda na majani ya mahindi, na akija mgeni wa heshima mmoja wao aligeuka kitoweo. Sisi watoto wa mjini tulitaka mnyama wa kuwaonyesha wenzetu. Basi Jumamosi moja Baba akatupeleka sokoni Mwanjelwa, ile Mwanjelwa ya kabla ya moto wa 2006, na kwenye kona ya wauza kuku tukamwona: mweupe wote, macho mekundu, pua haitulii. Muuzaji akamtoa tengani kwa masikio, akamzungusha tumwone kila upande, akasema, "Sungura anashikwa hapa, wala haumii." Tukaamini. Baba, mwalimu wa hesabu, naye akaamini. Tuliuliza bei na kama ni jike. Hatukuuliza anaogopa nini, wala hatukutazamana tukajiuliza ni mikono ya nani itakayombeba.

Tukamwita Pamba.

Zile wiki za kwanza nazikumbuka kwa harufu ya mchunga uliochumwa asubuhi, bado una umande, ndani ya gunia la sulfeti. Nilikuwa na miaka 10 na zamu ya majani ilikuwa yangu. Pamba hakupenda kubebwa. Tungetaka kuliona hilo tungeliona. Ukimsogelea anajikunja, anapiga chini kwa mguu wa nyuma, dup, nasi tunashangilia tukidhani anacheza. Kumbe ndivyo sungura anavyowatahadharisha wenzake kwamba kuna hatari. Naye alikuwa peke yake, hana mwenzake wa kumsikia.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Baridi ya Juni ilikuwa imeteremka kutoka mlima Loleza, jua lipo lakini halina kazi. Nimekaa kibarazani, Pamba yuko mapajani mwangu, nimemfunika kwa kanga ya Mama. Kitindamimba wetu, miaka 4, amesimama mbele yangu ameinyoosha mikono. "Dada, zamu yangu. Dada, zamu yangu." Uwanjani wenzangu wanacheza rede, upande wao umepungua mtu, wananiita kwa jina.

Nikasimama. Nikamtoa Pamba kwenye kanga, maana Mama angeiulizia, nikamweka mikononi mwa mdogo wangu. Sikumkalisha chini kwanza. Sikumwambia aweke mkono chini ya makalio.

Ile mikono naiona. Sweta la bluu lililokuwa langu, limekunjwa mara mbili kwenye viwiko vya mkono, vidole vinachungulia tu. Alimbana Pamba kifuani kwa chini ya miguu ya mbele, kama mtoto abebavyo mwanasesere, na mwili wote wa nyuma ukabaki unaning'inia. Miguu ile mirefu ikatafuta pa kukanyaga. Ikatafuta tena. Mimi nilikuwa nimeshashuka ngazi ya kwanza, nimegeuza shingo tu. Pamba akarusha teke moja hewani, kwa nguvu zake zote.

Sikusikia kitu kuvunjika. Nilisikia kilio: chembamba, kirefu, kikapanda kama cha mtoto mchanga, halafu kikakatika. Uwanjani mpira ukasimama. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akijua ni mwanawe. Mdogo wangu hakumwachia yule sungura. Hakumdondosha. Alibaki amemkumbatia vilevile, amekaza, macho ameyatoa, tena hakuwa akimtazama sungura, alikuwa akinitazama mimi, akingoja nimwambie ni kitu gani hicho kilichotokea mikononi mwake. Na miguu ya nyuma ya Pamba ilikuwa imetulia, inaning'inia kama soksi zilizoanikwa.

Jioni bwana mifugo akaja, akapapasa mgongo kwa kidole gumba, akatueleza kwa upole. Mifupa ya sungura ni myepesi, misuli ya mapaja yake ina nguvu kuliko mifupa yenyewe. Ukimbeba bila kumshikilia nyuma, teke lake mwenyewe laweza kumvunja uti wa mgongo. Na habari ya masikio, akasema, tusirudie kumfanyia mnyama mwingine. Hatapona huyu. Baba akamchukua nyuma ya nyumba, sisi tukaambiwa tuingie ndani.

Usiku Mama akaniuliza ilikuwaje. Nikamjibu, "Alimdondosha."

Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale mkekani. Hakubisha. Mtoto wa miaka 4 atabishaje neno la dada yake?

Basi ikawa ndiyo hadithi ya nyumba ile: sungura alidondoshwa. Shangazi akija, anasimuliwa. Majirani wanasimuliwa. Mdogo wangu akaanza kutembea mikono ameivutia ndani ya sweta, hata kwenye jua, na mtu akimpa kitu cha kushika anarudi nyuma. Paka wa jirani hakumgusa. Kikombe cha chai akawa anataka kiwekwe chini kwanza ndipo akichukue.

Agosti Bibi akaja na basi kutoka Njombe, kikapu chenye mfuniko kiko mapajani. Ndani mlikuwa na simbilisi wawili, majike. "Mmoja hunyong'onyea," alisema, "na mkichanganya na dume watawajaza nyumba." Hakutuuliza tunapenda mnyama gani. Alikuwa ameshasimuliwa habari ya Pamba kama wengine wote. Akamwita mjukuu wake, akamkalisha sakafuni, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, akamtandikia gunia mapajani, juu yake simbilisi mmoja na fungu la majani. Hakumwambia amshike. "Mikono kaa nayo," akamwambia. "Atakuja mwenyewe."

Sasa nikiwa mtu mzima naona jinsi Bibi alivyokuwa ameyafikiria yote. Simbilisi haruki juu kama sungura wala hapandi, ni mnyama wa kukaa chini, hana haraka ya kuuma, na akiridhika na paja la mtu anabaki hapo. Akianguka kutoka kimo cha mtu naye anaumia, ndiyo maana alimkalisha mtoto sakafuni kwanza. Alisisitiza majani mabichi kila siku, si pumba tupu. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, akikosa majani mabichi anapata kiseyeye. Bibi hakulijua neno vitamini. Alijua simbilisi wa nani walikufa na walilishwa nini.

Siku ile mdogo wangu hakutoa hata kidole. Ya pili pia. Siku ya tatu au ya nne nikapita na ndoo ya maji nikaona kidole kimoja kimetoka kwenye sweta, kimegusa manyoya ya mgongoni, kimerudi ndani.

Kufikia Septemba simbilisi wale walikuwa wakisikia nyayo zake wanapiga mluzi, wii, wii, wanajua ni majani. Na mmoja kumbe alikuja na mimba yake kutoka Njombe, maana mimba ya simbilisi hupita miezi miwili. Oktoba akazaa wawili. Sungura huzaa watoto uchi, wamefumba macho. Hawa walitoka na manyoya yao, macho wazi, kesho yake wanajaribu majani. Mdogo wangu alikimbia mtaa mzima akipiga kelele, "Wamezaliwa wakubwa! Wamezaliwa wakubwa!" Mikono yote miwili iko juu, nje ya sweta.

Mimi nilifurahi. Ninalotaka kuliandika hapa ni kwamba nilifurahi kwa ajili yake, na pia kwa kuwa sasa hakuna tena aliyekuwa na haja ya kuuliza habari za Pamba.

Leo asubuhi nimempigia simu. Yuko Mwanza, ana watoto watatu. Nikamuuliza anakumbuka nini cha wanyama wetu wa Mbeya. Akacheka hapohapo: "Wamezaliwa wakubwa!" Nikamuuliza, na Pamba je? Kicheko kikaisha polepole.

"Si yule niliyemdondosha?"

Nikamwambia, "Hukumdondosha."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia watu wa ofisini wakisalimiana.

"Dada," akasema, "wanangu wote watatu, walipozaliwa, niliwaomba manesi wamlaze kitandani kwanza. Nilimshika kila mmoja akiwa kitandani." Halafu akasema anaitwa kwenye kikao, tutaongea jioni.

Sasa ni saa 10 alasiri. Kengele ya baiskeli imeshasikika kule chini kwenye kona, na binti yangu amekuja mbio kunivuta gauni. Sijajua kama nitamruhusu sungura, au nitafute mtu wa Njombe aniletee wawili kwenye kikapu. Nimemwambia akae sakafuni, aegemee ukuta, anyooshe miguu. Nimemtandikia gunia mapajani.

"Bado hujanijibu, Mama," ameniambia. "Analia?"

"Analia," nimemjibu, nikakaa chini pembeni yake. "Nilimsikia mmoja. Nilikuwa nimempa mjomba wako amshike."