Kaka aliisikiliza injini kutoka Dar

Januari 2023, kabla hata kiza hakijatoka, nilikwama katikati ya kilima hapa Leicester, Uingereza. Injini inanguruma, gari haliendi. Gia imegoma kwenye N, yaani huru. Bibi wa miaka 91 alikuwa ananisubiri nimwamshe, nimwogeshe, nimpe dawa zake za asubuhi. Nilimpigia simu msimamizi wangu huku natetemeka, na baridi haikuwa sababu pekee. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na mimi hulipwa kwa muda niliokaa na mzee. Gari likilala, mshahara nao umelala.

Gari lile nililinunua pauni 2,300 kwa mtu binafsi. Jina lake naliacha. Lilikuwa safi, dogo, na otomatiki, na hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Dar nilijifunzia kwenye Vitz ya kaka, nikazoea gia zinazojiingiza zenyewe. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha Uingereza miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo unaanza upya: mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Mimi nikafanya wa barabarani kwa otomatiki ili nimalize haraka. Sikujua kwamba ukifaulu hivyo, leseni inakufungia humo humo. Gari la gia za mkono huruhusiwi kuliendesha mpaka ufanye mtihani mwingine, na magari madogo ya otomatiki huku ni machache na bei yake imepanda.

Tena otomatiki si ya aina moja. Vitz nyingi tunazoletewa kutoka Japani zina CVT, otomatiki inayobadilisha mwendo kwa mkanda na puli, bila gia za hatua. Magari madogo kadhaa ya Ulaya, kama lile nililonunua, yana giaboksi ya mkono ya kawaida, yenye klachi ya kawaida, ila kanyagio la klachi limeondolewa na kazi ya kukanyaga wamepewa vimota vya umeme. Klachi inaisha kama klachi yoyote, na vimota vikichoka gari linapotea, halijui liko gia ya ngapi. Nilitajiwa pauni 1,150 za kulitengeneza. Nikaliuza kwa wanunuzi wa magari chakavu, pauni 400.

Kuna mzee wa Mombasa hapa, amekaa Leicester miaka zaidi ya thelathini, sote tunamwita Ami. Nilikwenda kwake nikiwa nimevunjika moyo. Akaniambia, "Mwanangu, kwetu spea ndiyo ghali, fundi rahisi. Huku fundi ndiye ghali. Usiulize gari bei gani. Uliza kitakachokufa ndani yake ni kipi, na fundi atatumia saa ngapi kukifikia."

Maneno yale yalinigeuza kabisa namna ya kutazama gari. Dar ukishapata kifaa chako kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, fundi chini ya mwembe anakufungia kwa pesa kidogo. Hapa gereji ya kawaida ya mtaani inatoza pauni 50 mpaka 80 kwa saa moja, na kwa wakala wa kampuni ni zaidi. Klachi yenyewe dukani unaipata kwa kama pauni 120, lakini kuifikia lazima giaboksi ishushwe, kwa hiyo bili inaweza kuvuka 500. Ndiyo maana Ami alinikataza pia injini ambazo mkanda wa taimingi unaogelea ndani ya oili. Mkanda ukianza kumeguka, vipande vinaziba chujio la oili na injini inakosa ulainisho, na kuubadilisha kabla haijafika huko ni kazi ya saa nyingi. Dizeli nayo akaikata palepale. Safari zangu ni za dakika kumi kumi, mlango hadi mlango, na dizeli ya kisasa isipopata barabara ndefu ya kuchoma masizi yake, chujio la moshi linaziba.

Zikabaki tatu kwenye daftari langu. Toyota Yaris ya haibridi, ya petroli na umeme, ya 2013, pauni 7,900, otomatiki ya kweli: haina klachi ya kuisha, haina mkanda, haina hata stata ya kawaida. Ningekuwa na pesa, ningeichukua bila kuuliza tena. Honda Jazz ya 2012 yenye CVT, pauni 6,000, ambayo kwetu tunaiita Fit. Ni pana, viti vya nyuma vinakunjika vizuri mno, kiti cha magurudumu cha mzee kinaingia. Lakini Jazz za miaka ile wezi walikuwa wakiziwinda kwa ajili ya katalitiki, kile kisafisha moshi kilicho chini, kwa madini yaliyomo, na mimi nalaza gari barabarani. Ya tatu ilikuwa Toyota Aygo ya 2015, pauni 5,400, gia za mkono.

Leseni yangu ilinikatalia Aygo. Nikapiga hesabu. Mtihani wa gia za mkono ni pauni 62, na ukiwa na leseni kamili ya otomatiki hurudii nadharia. Masomo saa kumi, pauni 35 kila saa. Jumla 412. Tofauti ya bei kati ya Aygo na Yaris ilikuwa 2,500. Nikajifunza Februari na Machi, jioni baada ya zamu, gari likizimika mikononi mwangu kwenye kila taa, na nikafaulu mara ya pili.

Ushuru wa barabara nao una siri yake, na natamani mtu angeniambia mapema. Gari lililosajiliwa kati ya Machi 2001 na mwisho wa Machi 2017 linatozwa kwa kiasi cha hewa ya ukaa linayotoa. Aygo ile ya 2015, gramu 95 kwa kilomita, mwaka 2023 ilikuwa sifuri. Aygo ya mwisho wa 2017, sura ile ile, injini ile ile, ilikuwa pauni 180 kwa mwaka. Aprili 2025 yangu ikapanda hadi 20 na ile nyingine 195. Mtu anaongeza pesa apate gari jipya zaidi kidogo, kisha anaendelea kulipia kila mwaka.

Bima ilikuwa pauni 1,280 mwaka wa kwanza. Anayefanya kazi kama yangu asisahau kusema kwamba anatumia gari kikazi. Kwenda ofisini na kurudi ni jambo moja, kuzunguka nyumba kumi za wazee ni jingine, na ukipata ajali huku hukusema, bima inaweza kukataa kulipa.

Siku ya kuitazama Aygo niliingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, nikasoma historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka: maili zilivyopanda, ilipofeli, ilipoonywa. Maili hazikuwa na mruko. Kisha nikampigia kaka kwa WhatsApp. Yeye ana Passo anayofanyia biashara Dar, na Aygo ina injini ile ile, 1KR-FE, silinda tatu, cheni badala ya mkanda. Nikamsalimia, nikafungua boneti, nikaisogeza simu. Muuzaji alinitazama tu. Kaka akasema, "Iwashe ikiwa baridi. Zima. Washa tena. Usiikanyage." Akanyamaza muda mrefu kidogo. "Cheni imetulia. Chukua."

Nilimlipa mtu yule huku macho yananilenga machozi, na sioni aibu kusema.

Hadi sasa: sevisi pauni 110 kila mwaka, pedi na diski za mbele 190, tairi mbili 120, betri 75. Springi ya mbele ilivunjika, 165. Mashimo ya barabara na chumvi wanayomwaga msimu wa baridi ndiyo mauti ya springi huku. Mafuta ni kama pauni 22 kwa wiki. Bima imeshuka hadi 690. Klachi bado ile ile.

Juzi MOT imepita na onyo moja: bomba la breki la nyuma limeanza kushika kutu. Ami amelala chini ya gari na tochi, na umri wake ule, akasema libadilishwe kabla chumvi haijamwagwa tena. Nimeweka pauni 90 kwenye bahasha, na fundi ananisubiri Jumanne.